Mkoba wa bastola wa enzi za Keya: bastola gani hasa inaingia humu? Wenye uzoefu njooni

#1 Mjukuu wa Keya (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naombeni msaada kwa jambo ambalo kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), batalioni ya sita, akapigana Uhabeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Vitu vyake vingi vimepotea. Kwenye sanduku la bati zimebaki medali zake, mkanda wa turubai na mkoba wa bastola. Bastola yenyewe haipo, na baba anasema hajawahi kuiona nyumbani tangu utoto wake.

Ukoo umekubaliana tutengeneze kabati la kioo ili watoto wanaokuja wavione hivi vitu. Ningependa ndani ya mkoba kikae kitu kinachofanana na bastola iliyokusudiwa, hata ikiwa ya kuchonga. Tatizo ni ipi. Mzee mmoja jirani kasema Luger. Rafiki aliyepita jeshini kasema ni Webley kubwa. Muuzaji mmoja wa vitu vya kale kanihakikishia ni ya Browning, na akataka kuniuzia mfano wake kwa bei ya kutisha.

Mkoba wenyewe ni wa turubai nene la kufumwa, kaki iliyoelekea kijani. Kifuniko kinafunga kwa kishikizo cha shaba cha kubonyeza. Mgongoni kuna kulabu za shaba za kupachika kwenye mkanda. Ndani, ubavuni, kumeshonwa kifereji kirefu chembamba ambacho penseli inapita. Chini ya kifuniko kuna muhuri uliofifia: naona 1941 na herufi U yenye mshale ndani yake.

Natanguliza shukrani.

#2 Mtoza Kale

Mkuu, maelezo yako yamekamilika kuliko picha nyingi zinazowekwa humu. Jibu lipo tayari ndani ya hayo uliyoandika.

Tuanze na muhuri. Mshale ule ni alama ya mali ya serikali ya Kiingereza. Ukiwa peke yake, kifaa ni cha Uingereza. Ukiwa ndani ya C ni cha Kanada. Ukiwa ndani ya U ni cha Muungano wa Afrika Kusini. Na hilo linakubaliana kabisa na historia ya babu yako. Mwaka 1940 Divisheni ya Kwanza ya Afrika Kusini ililetwa Kenya, ikapigana bega kwa bega na Keya na askari wa Afrika Magharibi chini ya Jenerali Alan Cunningham. Walipita Somalia, wakaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili 1941, na Gondar ikaanguka Novemba mwaka huohuo. Vifaa vya Afrika Kusini vilisambaa kwenye vikosi vyote vilivyokuwa kwenye kampeni ile.

Sasa mkoba. Turubai la kufumwa, kishikizo cha kubonyeza, kulabu za mgongoni: huo ni wa vifaa vya muundo wa 1937, vile alivyovaa karibu kila askari wa Jumuiya ya Madola kwenye vita ile. Kifereji cha ndani ni cha ufito wa kusafishia mtutu. Na mkoba huu ulishonewa rivolva ya .38 (namba ya unene wa risasi kwa inchi), yaani bastola ya silinda inayobeba risasi sita.

Bastola rasmi ya wakati huo ilikuwa Enfield Na. 2, iliyopitishwa mwaka 1932. Mtutu wake ni inchi 5, urefu wote milimita 260. Viwanda vilipozidiwa, jeshi likachukua pia Webley Mk IV ya .38, mtutu inchi 5 vilevile, urefu wote milimita 266. Halafu Smith & Wesson wa Marekani wakatengeneza yao kwa risasi hiyohiyo ya Kiingereza, na nyingi zilizokwenda kwa Waingereza zilikuwa na mtutu wa inchi 5. Zote tatu zinakaa humo vizuri. Mkoba mmoja, bastola tatu halali.

Hao waliokupa majibu mengine nawaelewa walipopotelea. Rafiki yako wa jeshini yuko karibu na ukweli, ila Webley anayoifikiria ni Mk VI ya mwaka 1915. Hiyo ni ya risasi ya .455, mtutu wa inchi 6, urefu wote milimita 286, na silinda yake ni nene. Ni sentimita mbili na nusu zaidi ya Enfield. Ukiisukumiza humo, kifuniko ndicho kitakachobeba adhabu, na mshono wa kishikizo una zaidi ya miaka 80.

Browning ya muuzaji wako inaangushwa na tarehe. Kiwanda cha Browning kilikuwa Ubelgiji, na Ubelgiji ilishikwa na Wajerumani mwaka 1940. Zile za upande wa Waingereza zilianza kutoka kiwanda cha Inglis, Kanada, mwaka 1944. Halafu mkoba uliotengenezwa Kanada kwa ajili yake una mfuko wa magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini) ya akiba. Wako una mwaka 1941 na kifereji cha ufito, hauna mahali pa magazini. Usimpe hela yako.

Luger siigusi, hiyo haina silinda na mkoba wake ni wa ngozi ngumu.

#3 Binti Raskazone

Mtoza Kale, shikamoo. Nimeusoma uzi huu kwa makini kwa sababu nami nina mkoba, ila wa ngozi. Ulikuwa wa mjomba wa mama hapa Tanga. Ni mgumu, umbo la pembetatu, kifuniko kikubwa kinachofunika mpini wote. Ukingo wa mbele una kijifuko kirefu, na chini ya kifuniko kuna kijifuko kingine kidogo sana. Nyuma kuna jina limefutika, nasoma "Berlin" na 1915. Nyumbani wanauita "ya Mjerumani" tu. Je, hiyo ndiyo Luger? Na kuna bastola nyingine inayoweza kuingia?

#4 Mjukuu wa Keya

Mtoza Kale, Mungu akubariki. Nimeelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: kumbe muhuri nao unazungumza. Ila nitahakikishaje kwa mkono? Bastola halisi sina, na sitaki kukaa nayo nyumbani.

#5 Mtoza Kale

Marahaba Binti Raskazone, nakuja kwako. Nimalizane kwanza na mwenye uzi.

Mkuu, tumia kadibodi. Tafuta picha ya Enfield Na. 2 iliyopigwa ubavuni, yote ionekane. Ichapishe kwenye karatasi hadi kutoka mdomo wa mtutu mpaka mwisho wa nyuma ifikie milimita 260 kwa rula. Bandika kwenye kadibodi ngumu, kata kwa wembe. Hapo una urefu na kimo, lakini huna unene, na unene ndio unaowaangusha watu wengi. Gundisha vipande vya kadibodi kushoto na kulia mahali pa silinda, vipunguze kwa duara. Fanya hivyo kidogo pia kwenye mpini.

Kisha tia taratibu, na usisukume. Mdomo wa mtutu ufike chini bila kuning'inia. Silinda ikae pale turubai lilipochomoza. Ukipitisha kidole ndani utausikia uvimbe huo, maana turubai lililobeba silinda kwa miaka linabaki limetunza umbo. Kilengeo cha mbele nacho huacha mstari uliosuguka upande wa mshono. Mwisho kabisa, kifuniko kifunge chenyewe hadi kishikizo kilie, bila kuvutwa. Vyote vikikubali, umepata.

Watu huangalia urefu wa mtutu peke yake kisha wananunua. Bastola mbili za mtutu wa inchi 5 zinaweza kutofautiana kabisa kwenye mpini, pete ya traiga na unene. Mkoba wa kijeshi ulishonewa bastola fulani, tena mara nyingi uliumbwa ukiwa juu ya mfano wa bastola hiyohiyo. Muulize mkoba kwanza, majina ya wauzaji yaje baadaye.

Sasa Binti Raskazone. Ndiyo, hiyo ni alama ya mkoba wa Parabellum P08, ambayo wengi wanaiita Luger. Kijifuko cha ukingoni ni cha magazini ya akiba. Kile kidogo chini ya kifuniko ni cha kifaa cha kufungulia bastola na kupakia magazini. Tazama pia kama kuna ukanda wa ngozi unaopita ndani. Ukiuvuta, bastola inapanda juu yenyewe.

Kabla hujasema inaingia Luger gani, pima. Jeshi la nchi kavu la Ujerumani lilichukua Parabellum ya mtutu wa milimita 100 mwaka 1908, urefu wote kama milimita 222. Jeshi la majini lilishatangulia mwaka 1904 na yake ya mtutu wa milimita 150. Wapiga mizinga wakapata ya milimita 200. Za Uswisi za mwanzo zilikuwa na milimita 120. Kila moja ilikuwa na mkoba wake. Kwenu Tanga hili ni jambo la maana, maana Wajerumani wa nchi kavu walipigana hapo Novemba 1914, na mabaharia wa manowari ya Königsberg wakajiunga na kikosi cha Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, baada ya meli yao kuishia Rufiji Julai 1915. Urefu wa mkoba ndio utakaokuambia uko upande gani. Kama kwa ndani unachukua bastola ya milimita 222 na kuishia hapo, ni wa P08 ya kawaida.

Mjomba mwingine anaweza kukuambia ni wa rivolva ya zamani ya Kijerumani, ile ya 1879 au ya 1883, ambayo nayo ilikuwepo kwenye jeshi la koloni. Ya 1879 ina mtutu wa milimita 183, ndefu kweli, na zote mbili zina silinda. Kijifuko cha magazini kinamaliza ubishi huo. Rivolva haina magazini.

Kuhusu bastola nyingine: watu hulazimisha Walther P38 kwa kuwa ina urefu wa karibu sawa, milimita 216. Urefu ni kweli, lakini P08 ina mtutu mwembamba unaojitokeza, na pua ya mkoba imeumbwa kwa wembamba huo. P38 ina slaidi pana, kile kipande cha chuma cha juu kinachorudi nyuma bastola ikifyatuliwa. Ngozi ya 1915 ikitanuliwa hapo, mshono wa chini ndio unaanza kuachia.

#6 Fundi Ngozi Mombasa

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni ngozi: mikoba, matandiko, viatu. Huletewa vitu vya zamani mara kwa mara, na kuna mambo nataka kuyasema kabla dada yetu wa Tanga hajaanza "kuutengeneza" huo mkoba.

Kwanza, hakikisha ni wa zamani kweli. Mikoba ya P08 inatengenezwa upya mpaka leo, na muhuri wa mwaka wowote unaweza kugongwa. Tazama uzi wa kushonea. Wa zamani ni wa kitani au pamba uliopakwa nta. Chukua nyuzi ndogo iliyochomoza kwenye mwisho wa mshono, sehemu isiyoonekana, iguse kwa moto wa kiberiti ukiwa umeishika kwa kibano mbali na ngozi. Kitani kinaungua kikawa majivu. Nailoni inayeyuka ikawa kitone kigumu cheusi. Mwenye taa ya kuhakikia noti bandia aimulike mishono: uzi wa kisasa aghalabu unang'aa buluu, wa kitani unabaki umefifia.

Kisha tazama matundu ya sindano. Kwenye kitu kilichoshonwa zamani na kubeba uzito, matundu yamevutika upande mmoja. Kwenye kipya yako duara. Na ile rangi ya uzee isikudanganye, chai na mafuta vinaifanya ndani ya siku moja.

Pili, kwa hewa yetu ya Pwani, ngozi hushika ukungu. Ufute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, uache kivulini palipo na upepo. Usianike juani. Usipake mafuta ya kupikia wala ya nazi. Yanaoza ndani, yanaleta wadudu, na mkoba mgumu unalainika ukalala. Ukiona unga mwekundu unaotoka kwenye ngozi kila ukigusa, ngozi imeanza kuoza yenyewe na hapo mafuta hayaponyi kitu. Pembeni ya vishikizo vya shaba mara nyingi kuna kutu ya kijani, laini, inanata. Itoe kwa kijiti cha mti, polepole, usitumie kisu.

#7 Mswahili wa Houston

Wakuu, nawasoma kutoka Texas. Huku sheria inaturuhusu kukaa na silaha, na mikoba ya jeshi imejaa kwenye maonyesho ya mwisho wa wiki, kwa hiyo swali la "nini kinaingia" tunakutana nalo kwa bastola halisi mkononi. Nitasema kuhusu miwili ninayoijua vizuri.

Mkoba wa Marekani wa M1916, ule wa ngozi wenye herufi US kwenye kifuniko, ni wa Colt M1911: mtutu inchi 5, urefu milimita 216. Kwa kuwa bastola hiyo imenakiliwa na nusu ya dunia, mkoba huu ni mkarimu. Kongsberg ya Norway inaingia. Ballester-Molina ya Argentina inaingia. Lakini 1911 mpya za dukani mara nyingi zinakataa, na mwenye nayo anabaki akishangaa kwa sababu jina ni lilelile. Ukitazama utaona ina reli ya tochi chini ya mtutu, au kilengeo cha nyuma kimenyanyuliwa, au kitufe cha usalama kimetanuliwa pande zote mbili, au mkia wa nyuma ya mpini umerefushwa. Yoyote kati ya hayo yanatosha kuuzuia mkoba wa 1943. Ukitaka ikae, tafuta 1911 yenye umbo la zamani, isiyoongezwa chochote.

Rangi nayo: ya Vita Kuu ya Pili ni kahawia. Jeshi lilihamia nyeusi miaka ya 1950. Ukikuta nyeusi yenye mwaka 1942, kuna mtu aliipaka rangi baadaye, pengine jeshi lenyewe.

Mwingine ni wa Tokarev TT-33. Bastola ina mtutu wa milimita 116, mkoba una mfuko wa magazini ya akiba. Huku wengi wananunua Zastava M57 ya Yugoslavia wakidhani ni Tokarev ileile. Ndugu zangu, M57 inachukua risasi tisa, si nane, kwa hiyo mpini wake ni mrefu kidogo, na kifuniko cha mkoba wa Kirusi kinavutika. Juu ya hapo, zinazoingizwa Marekani zinaongezwa kitufe cha usalama ambacho Tokarev ya asili haikuwa nacho, na kitufe hicho kinakwaruza ngozi kila ukiingiza. CZ 52 nayo ni ndefu zaidi, milimita 209. Type 54 ya China ndiyo nakala inayoingia bila matata.

#8 Kijana wa Kibaha

Mswahili wa Houston, hiyo ya China umenigusa. Kuna jamaa ana mkoba anaodai ni wa Vita vya Kagera, anauza. Nichukue?

#9 Mtoza Kale

Hapana, mwanangu. Achana nao. Vifaa vya JWTZ si vya raia kukaa navyo, na maneno ya "ni vya zamani" hayatakusaidia mbele ya askari. Hapa tunazungumzia urithi wa familia wa majeshi ambayo hayapo tena. Hata huo ukikupata kihalali, uripoti kwanza.

#10 Kijana wa Kibaha

Nimekuelewa mzee wangu. Swali la mwisho. Nimeona kwenye video watu wanalowesha mkoba wa ngozi, wanaifunga bastola kwa nailoni, wanaisukuma ndani na kuacha ikauke. Si ndiyo njia rahisi ya kufanya bastola yoyote iingie?

#11 Fundi Ngozi Mombasa

Njia hiyo ni ya mkoba mpya. Mimi mwenyewe naitumia kwa mteja anayeagiza leo. Kwa wa zamani ni kuuharibu.

Ngozi ya miaka 100 imepoteza mafuta yake ya ndani. Ukiilowesha, nyuzi zake zinavimba, kisha zikikauka zinajikunja kuliko mwanzo. Inakuwa nyeusi, inakakamaa, na ukikunja kifuniko inakatika pale pale kwenye mkunjo. Muhuri nao unafutika, kwa sababu muhuri ni mbonyeo tu juu ya ngozi. Ngozi ikivimba, mbonyeo unajaa. Umefuta jina la mtengenezaji, mji na mwaka ili uingize bastola isiyo yake. Nimeletewa mikoba ya hivyo nikaambiwa "fundi, turudishie." Hakuna cha kurudisha.

Na kama kuna mtu humu ana leseni na bastola halisi, asiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi inanyonya unyevu wa hewa na ina tindikali ya dawa za kutengenezea. Chuma kinashika kutu ubavu ule uliogusana, na doa la kutu linahamia kwenye ngozi. Vyote viwili vinaharibika kwa mkupuo. Mkoba ukae peke yake, umejazwa karatasi nyeupe isiyo na wino ili usilale. Gazeti hapana, wino wake unahama.

#12 Mjukuu wa Keya

Nimerudi na majibu, wakuu.

Nimekata kadibodi ya Enfield kama alivyoelekeza Mtoza Kale. Imeingia, mdomo umegusa chini, silinda imekaa kwenye uvimbe bila mimi kuitafuta. Kishikizo kimefunga kwa kidole kimoja. Nikakata na ya Webley Mk VI ili nimwonyeshe rafiki yangu: kifuniko kikabaki kimenyanyuka, hakikufika kwenye kishikizo. Amekubali.

Nimeona na jambo jingine. Kwenye mikunjo ya turubai, mahali ambapo kifuniko kinapinda, kuna unga mgumu wa kijani uliokauka ndani ya kufumwa. Nje hakuna. Nilitaka kuufua kwa sabuni, nikaona niulize kwanza.

#13 Mtoza Kale

Umefanya vyema kuuliza. USIFUE. Huo unga ni Blanco, rangi ya udongo iliyouzwa kwa vipande. Askari aliilowesha kwa brashi na kupaka vifaa vyake vya turubai kabla ya ukaguzi. Sehemu za nje zimesuguliwa na miaka, mikunjo imehifadhi. Maana yake mkoba huo ulivaliwa na mtu aliyesimama kwenye gwaride, haukutoka ghalani. Ukifua, umeondoa alama ya mikono iliyoutunza, na muhuri wa U nao utaondoka na maji. Piga vumbi la juu kwa brashi laini ya rangi, basi.

Kati ya Enfield, Webley ya .38 na Smith & Wesson, mkoba peke yake hautakuchagulia, maana zote zinakaa. Ningekuwa wewe ningechonga Enfield kwa kuwa ndiyo iliyokuwa bastola rasmi. Kuna Enfield ya kuanzia 1938 ambayo nyundo yake imekatwa kile kijiti cha kukokea kwa kidole gumba. Nayo ilikuwa kazini mwaka 1941, na kwa mchongaji ni rahisi zaidi.

Kuhusu mfano wenyewe, mpe fundi seremala kadibodi yako na picha. Mbao ya mninga iliyokaushwa inachongeka vizuri na haitoi utomvu. Mkongo pia unafaa. Epuka msonobari mbichi, utomvu utaingia kwenye turubai. Aulainishe kwa msasa, asipake vanishi mbichi wala rangi nyeusi. Uache uonekane ni mti. Kwanza, vanishi inanata kwenye turubai kukiwa na joto. Pili, kitu cheusi chenye umbo la bastola ndani ya nyumba yenye watoto kinaweza kumletea mtu maafa barabarani, na polisi hawatakuwa na muda wa kusikiliza historia. Na upunguze kila upande milimita moja au mbili kuliko kipimo halisi, ili mbao ishikilie umbo bila kuutanua mkoba.

#14 Binti Raskazone

Nami nimepima. Kadibodi ya P08 ya mtutu wa milimita 100 imeingia sawasawa, ya milimita 150 imebaki nje. Uzi nimeuchoma kama alivyosema Fundi: majivu. Kijifuko kidogo hakina kitu. Sitauongezea kitu chochote, nitauweka hivyo ulivyo na kipande cha kadibodi ndani.

#15 Mjukuu wa Keya

Hongera dada. Kwangu seremala kashaanza. Nimeandika kibandiko cha kabati, naombeni mkikague:

"Mkoba na bastola aliyotumia babu yetu vitani Uhabeshi, 1941."

#16 Mtoza Kale

Mkuu, hapo naomba tusikubaliane. Askari wengi wa Keya walibeba bunduki ya .303. Bastola zilikuwa za maofisa, wapanda pikipiki wa kupeleka barua, watu wa magari ya deraya na wachache wengine. Inawezekana babu yako alikuwa mmoja wao. Inawezekana pia alipewa na ofisa wake, au aliuokota barabarani Gondar, au alibadilishana na Mzulu kwa sigara. Hakuna kwenye huo mkoba kinachotuambia. Baba yako kasema bastola haikuwepo nyumbani, na sisi tumethibitisha umbo la bastola ambayo mkoba ulishonewa, hatujathibitisha nani aliivaa.

Cheti chake cha kuachishwa jeshi kipo? Huandikwa kazi aliyokuwa akifanya. Kikisema dereva, mpiga simu au wa mizinga, hapo una la kuongeza. Kisipokuwepo, andika unachokijua.

#17 Mjukuu wa Keya

Cheti baba anakumbuka kilikuwa kwa shangazi Mbinga. Nitampigia leo. Kwa sasa nimebadilisha hivi:

"Mkoba wa bastola, muundo wa 1937, umetengenezwa Afrika Kusini 1941. Ulikutwa katika sanduku la babu yetu, askari wa Keya, batalioni ya sita. Ndani ni mfano wa mbao wa rivolva ya Enfield Na. 2."

#18 Fundi Ngozi Mombasa

Kiko sawa. Ongeza mwaka mfano ulipochongwa na jina la seremala, uyaandike kwenye mbao yenyewe chini ya mpini, si kwenye kibandiko tu. Vibandiko hubanduka. Na kabati lisiwe la kuziba kabisa, toboa matundu madogo nyuma hewa ipite, liwekwe ukuta usiopigwa na jua la jioni.